Manowari Philadelphia Mikononi mwa Waislamu wa Tarabulus: Siku 108 na Hukumu Zake

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

Ndugu Waislamu, kuna kisa cha merikebu moja ya vita ambacho Wamarekani wanakihesabu kuwa ni katika fakhari za mwanzo za jeshi lao la majini. Merikebu hiyo ni Philadelphia, iliyotekwa na Waislamu wa Tarabulus ya Magharibi, yaani Tripoli ya Libya ya leo, mwaka 1803. Sisi huku kisa hiki tunakijua kidogo, na wengi wetu tumekisikia kutoka kwa wanaokitumia kuushambulia Uislamu. Hasa tangu mwaka 2001 yameandikwa mengi ya kudai kwamba vita vya Tarabulus na Marekani ni ushahidi kuwa dini yetu inamuamrisha Muislamu kuvamia vyombo vya watu baharini, kupora mali na kuwatia watu utumwani. Vijana wetu wanayasoma hayo, kisha wanakuja misikitini na maswali.

Kuna makundi mawili yaliyokosea katika jambo hili. La kwanza linasema: walilofanya watawala wa Tarabulus ndio Uislamu wenyewe, basi Uislamu ni uharamia. La pili, kwa ghera ya dini, linasema: waliofanya hayo walikuwa Waislamu, basi yote waliyofanya yalikuwa jihadi njema. Makundi yote mawili yamekifanya kitendo cha mtawala kuwa ni hoja ya dini. Hoja katika dini yetu ni Kitabu cha Allah na Sunna ya Mtume Wake (S.A.W.), kisha yale waliyoyatoa humo wanazuoni. Kitendo cha Muislamu kinapimwa kwa sharia, wala sharia haipimwi kwa kitendo chake. Kwa msingi huo tutaisimulia habari ya merikebu hii tangu kujengwa mpaka kuteketea, kisha tuyaweke matendo ya pande zote mbili katika mizani.

KUJENGWA KWAKE NA SAFARI ZAKE ZA MWANZO

Philadelphia ilijengwa kwa michango ya raia wa mji wa Philadelphia, ambao waliitoa kwa serikali yao changa wakati nchi yao ilipokuwa na ugomvi wa baharini na Ufaransa. Ilishushwa majini tarehe 28 Novemba 1799. Ilikuwa manowari ya matanga yenye milingoti mitatu, urefu wake futi 157, upana wake futi 39, na uzito wake tani 1,240. Ilihesabiwa katika daraja la manowari za mizinga 36. Nahodha wake wa kwanza alikuwa Stephen Decatur, baba. Msomaji alihifadhi jina hilo, kwani litarudi mwishoni.

Mwaka 1800 ilipelekwa katika bahari ya visiwa vya Karibi, na huko iliteka vyombo vitano vya Wafaransa na kuzikomboa merikebu sita za biashara za Kimarekani zilizokuwa zimetekwa. Kwa hiyo kabla haijatekwa ilikuwa yenyewe mtekaji. Kuteka chombo cha adui na kugawana thamani yake ilikuwa desturi ya mataifa yote ya bahari wakati huo. Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 1800 iliyoeleza jinsi thamani ya chombo kilichotekwa inavyogawanywa: kikiwa na nguvu sawa na aliyekiteka au kumzidi, chote ni cha watekaji; kikiwa dhaifu kuliko yeye, nusu inakwenda serikalini. Anayeishangaa sura ya ngawira katika vitabu vyetu vya fiqhi na arejee katika sheria hiyo.

Mwaka 1801 ilipelekwa Bahari ya Kati. Pale Gibraltar ilipewa kazi ya kuzilinda zisitoke merikebu mbili za Tarabulus chini ya Murad Rais, Mskoti aliyesilimu na kuwa mkuu wa jeshi la majini la Tarabulus. Ajabu ni kwamba merikebu ya Murad, iliyoitwa Meshuda, nayo ilikuwa ya Kimarekani kwa asili. Jina lake la kwanza lilikuwa Betsey, na ilitekwa na watu wa Tarabulus mwaka 1796. Hivi ndivyo ilivyokuwa bahari ile: chombo kinalala na bendera hii na kuamka na ile.

VITA VILIANZAJE?

Marekani ilipojitenga na Uingereza, merikebu zake za biashara zilipoteza kinga ya bendera ya Kiingereza. Tawala za Maghrib, yaani Algiers, Tunis, Tarabulus na Morocco, zilikuwa na desturi ya kufunga mikataba na mataifa ya Ulaya kwa mali na zawadi. Asiye na mkataba alihesabiwa kuwa vitani. Tarabulus ilifunga mkataba na Marekani mwaka 1796, chini ya Yusuf Pasha Karamanli aliyetawala tangu 1795. Vipengele viwili vya mkataba huo vinatuhusu hapa. Kipengele cha kumi kilisema kwamba mali na zawadi zilizotajwa ndizo malipo yote, na hakuna upande utakaodai ushuru wa kila mwaka wala nyongeza. Cha kumi na mbili kilisema kwamba ukitokea ugomvi hapatachukuliwa silaha, bali shauri litapelekwa kwa Dey wa Algiers awe msuluhishi.

Haikupita miaka mingi Yusuf Pasha akaona kuwa Algiers na Tunis wanapata zaidi yake. Alilalamika kuwa vifaa alivyoahidiwa vimechelewa na kwamba anadharauliwa. Alimuonya balozi mdogo wa Marekani, James Cathcart, kisha akadai dola 225,000 na dola 25,000 kila mwaka. Hakupewa. Tarehe 14 Mei 1801, siku za kuingia mwaka 1216 Hijria, askari wake walikwenda katika nyumba ya balozi huyo wakaukata mlingoti wa bendera. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya kutangaza vita.

MWAMBA WA TARABULUS

Philadelphia ilirudi Bahari ya Kati mwaka 1803 chini ya nahodha William Bainbridge. Mwezi Agosti iliikamata merikebu ya Morocco iliyoitwa Mirboka pamoja na chombo cha Kimarekani ilichokuwa imekiteka. Kisha ikapelekwa kuuzingira mji wa Tarabulus.

Asubuhi ya tarehe 31 Oktoba 1803, katikati ya Rajabu 1218, iliona chombo cha Tarabulus kikijaribu kuingia bandarini ikakifukuza. Ilikuwa peke yake, kwani Bainbridge alikuwa amekituma mbali chombo kidogo alichofuatana nacho. Kabla ya adhuhuri ikapanda juu ya mwamba usiokuwamo katika ramani zao. Walitupa mizinga baharini, wakakata mlingoti wa mbele ili kupunguza uzito, lakini merikebu haikusogea. Mashua za mizinga zikatoka bandarini na kuipiga kwa saa kadhaa, wala hakuuawa Mmarekani hata mmoja. Ilipokuwa imelala upande, mizinga yake iliyobaki haikuweza kumlenga adui. Bainbridge aliamuru baruti iloweshwe na mbao za chini zitobolewe, kisha kabla ya jua kuzama akateremsha bendera. Watu 307 wakawa mateka.

Baada ya siku mbili upepo ulikwenda kasi, maji yakajaa, na watu wa Tarabulus wakaiondoa merikebu mwambani ikiwa nzima. Waliiziba, wakaiopoa mizinga iliyotupwa, na wakaitia nanga mbele ya ngome yao. Yusuf Pasha akawa na manowari kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo, bila ya kupoteza watu kwa ajili yake. Bila shaka wengi waliona huo ni ushindi kutoka mbinguni.

USIKU WA MOTO

Mateka waliruhusiwa kuandika barua. Balozi mdogo wa Denmark, Nicholas Nissen, aliwasaidia kwa vyakula na mahitaji, na barua zilipita kwake. Bainbridge akawa anaandika maneno ya siri kwa maji ya ndimu, ambayo hayaonekani mpaka karatasi ipashwe moto. Kwa njia hiyo alimpelekea mkuu wake, Edward Preble, shauri la kuiteketeza Philadelphia hapo hapo ilipo.

Preble aliikubali rai hiyo. Mwezi Desemba Wamarekani walikuwa wamekamata jahazi la Tarabulus liitwalo Mastico, ambalo watu wake walishiriki katika kuiteka Philadelphia. Wakalipa jina la Intrepid. Aliyepewa amri alikuwa Stephen Decatur, mtoto wa yule nahodha wa kwanza, kijana wa miaka 25. Alichukua watu wasiozidi 80 na rubani wa Kisisilia, Salvatore Catalano, aliyejua lugha za bandari zile.

Usiku wa tarehe 16 Februari 1804, Mfunguo Pili mwaka 1218, jahazi liliingia bandarini likipeperusha bendera ya Uingereza, watu wamejificha na wachache wamevaa nguo za Kimalta. Catalano akawaita walinzi: sisi ni wafanyabiashara, dhoruba imetupotezea nanga, turuhusuni tufunge kamba kwenye merikebu yenu mpaka asubuhi. Walinzi wakaruhusu, na wao wenyewe wakasaidia kupokea kamba. Walipogundua walipiga kelele, lakini muda ulikuwa umekwisha. Wamarekani waliingia kwa panga bila kufyatua risasi. Watu wa Tarabulus wapatao 20 waliuawa, wengine wakajitupa majini. Ndani ya muda mfupi moto ukashika. Mizinga ya Philadelphia iliyokuwa imejazwa tayari ikaanza kujifyatua yenyewe kwa joto, kamba za nanga zikaungua, na merikebu ikaelea kuelekea ngomeni mpaka ghala ya baruti ikalipuka. Upande wa Decatur alijeruhiwa mtu mmoja tu. Philadelphia ilikaa mikononi mwa Waislamu siku 108, na katika muda huo haikutweka tanga hata mara moja.

Baba aliiongoza merikebu hii katika safari yake ya kwanza, mwana akaichoma. Sasa tuingie katika mizani.

KWANZA: AHADI

Allah (S.W.) katika mwanzo wa Sura Al-Maida anawaamrisha waumini kutimiza mikataba, na katika Sura Al-Isra aya ya 34 anatufahamisha kuwa ahadi itaulizwa. Katika Sura At-Tawba aya ya 4 ameamrisha kuwatimizia washirikina muda wao maadamu hawakupunguza chochote katika ahadi wala hawakumsaidia adui. Na katika Sura Al-Anfal aya ya 58 ameeleza kuwa anayechelea khiyana ya watu aliofungamana nao awarudishie ahadi yao waziwazi, pande zote mbili zijue sawa.

Tukimpima Yusuf Pasha kwa aya hizi, tunampa haki yake kwanza: hakushambulia kwa ghafla. Alionya, akadai, kisha akatangaza. Sharti ya kurudisha ahadi waziwazi aliitimiza. Lakini je, alikuwa na sababu ya kuirudisha? Kuchelewa kwa vifaa ni madai ambayo mkataba wenyewe ulishayawekea njia, nayo ni usuluhishi. Kudai malipo ya kila mwaka ni jambo ambalo mkataba uliokubaliwa kwa jina lake ulilifunga mlango kwa tamko la wazi. Hapa hatuoni udhuru. Wapo wanazuoni, hasa wa Kihanafi, waliompa kiongozi nafasi ya kuvunja suluhu akiona maslahi ya Waislamu yako huko, kwa sharti ya kutoa taarifa. Lakini maslahi ya umma si sawa na hazina ya mtawala kupungua.

Tukumbuke kisa cha Muawiya (R.A.) kilichopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Alikuwa na suluhu na Warumi, akasogeza jeshi karibu na nchi yao ili muda ukiisha tu awashambulie. Sahaba Amr bin Abasa (R.A.) akamjia juu ya mnyama wake akinadi kuwa wajibu ni kutimiza na wala si kufanya khiyana, akamsomea aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.). Muawiya akarudi na jeshi lake. Ule ulikuwa muda unaokaribia kwisha, na bado mwanachuoni alisimama na mtawala akasikia. Je, vipi mkataba ambao haukuwa na mwisho?

Wala isemwe kwamba mali ile ilikuwa jizya. Jizya ni ya dhimmi anayeishi chini ya dola ya Kiislamu akilindwa nayo. Malipo ya mfanyabiashara wa mbali ili asivamiwe baharini ni kitu kingine.

Hapa ndipo tunapowajibu wanaotumia barua ya mwaka 1786. Katika mwaka huo John Adams na Thomas Jefferson walionana London na balozi wa Tarabulus, wakaandika kuwa aliwaambia Qur'ani inawapa haki ya kupigana na kila taifa lisilowakubali na kuwatia watu wake utumwani. Tunasema: maneno ya mjumbe aliyekwenda kutafuta fedha si tafsiri ya Qur'ani, na aya ya 8 ya Sura Al-Mumtahina inatosha kuyarudisha, kwani inatufahamisha kuwa Allah hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita. Mwaka huohuo wa 1786 Sultani wa Morocco, Muhammad bin Abdallah, alifunga mkataba wa amani na Marekani. Ilipotokea ile fitina ya Mirboka mwaka 1803, mwanawe Mulay Sulayman aliuthibitisha mkataba wa baba yake na merikebu zikarudishwa. Na huku kwetu, Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba na Marekani tarehe 21 Septemba 1833, uliohusu Maskati pamoja na milki zake za pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake aliahidi kuwa mabaharia wa Kimarekani watakaovunjikiwa na chombo katika nchi zake watapokewa na kukirimiwa kwa gharama yake. Mtawala Muislamu mmoja alimuona baharia aliyekwama kuwa ni mawindo. Mwengine alimuona kuwa ni mgeni. Kwa nini wa kwanza ahesabiwe kuwa ndiye Uislamu na wa pili asahauliwe?

PILI: NGAWIRA

Mali inayopatikana kwa mapigano ni ghanima, na hukumu yake imo katika aya ya 41 ya Sura Al-Anfal: khumsi inatolewa, na nne ya tano ni za waliopigana. Inayopatikana bila ya kukimbiza farasi wala ngamia ni fai, na hukumu yake imo katika Sura Al-Hashr aya ya 6 na ya 7. Philadelphia ilikwama wenyewe, lakini haikusalimu mpaka ilipopigwa mizinga kwa saa kadhaa, basi iko karibu zaidi na ghanima.

Tatizo halikuwa katika merikebu tu. Mabaharia walioachiliwa wameandika kwamba waliopanda ndani mwanzo waliwavua mateka makoti, wakawapekua mifuko, na kugombania vitu wao kwa wao. Katika sharia yetu kuchukua kitu cha ngawira kabla ya kugawiwa ni ghululi. Wamepokea Bukhari na Muslim habari za mtumishi wa Mtume (S.A.W.) aliyepigwa na mshale baada ya Khaybar. Watu wakampongeza kwa Pepo, naye Mtume (S.A.W.) akawaambia kuwa nguo aliyoichukua siku ya Khaybar kabla ya mgao inamuwakia moto. Ikiwa hayo ni kwa mtu aliyetoka na Mtume (S.A.W.), basi anayedai jihadi huku mkono wake uko mfukoni mwa mateka ajiulize.

TATU: MATEKA

Aya ya 4 ya Sura Muhammad imetaja njia mbili kwa mateka baada ya vita: kuwaachilia kwa hisani au kwa kikomboleo. Sura Al-Insan aya ya 8 imewasifu wanaomlisha mateka chakula ilhali wenyewe wanakipenda. Katika Badr, Abu Aziz bin Umayr alisimulia jinsi Maansari waliomteka walivyokuwa wakimpa yeye mkate na wao wakala tende, kwa wasia wa Mtume (S.A.W.).

Kule Tarabulus hali ilikuwa ya namna mbili. Maofisa waliwekwa katika nyumba iliyokuwa ya balozi wao, na waziri wa mambo ya nje, Muhammad Dghais, aliwafanyia wema ambao wao wenyewe waliukiri. Lakini mabaharia wa kawaida walibebeshwa mawe, wakavutishwa mikokoteni, wakatiwa katika maji ya baridi kuopoa mabaki ya chombo kibovu, na wakapigwa viboko vya nyayo. Mmoja wao, William Ray, ameyaandika hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1808. Huyu ni mateka yule yule ambaye Qur'ani imemtaja pamoja na yatima na maskini. Kilichowatenganisha na maofisa ni cheo tu, na sharia haikukitaja cheo.

Lazima tuseme pia kuwa nchi iliyowalilia mateka 307, katika hesabu yake ya watu ya mwaka 1800, ilikuwa na Waafrika karibu laki tisa katika utumwa, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu. Na kisiwa cha Malta kilikuwa makao ya masharifu wa Kikristo walioteka Waislamu baharini na kuwauza mpaka mwaka 1798. Tunayataja haya ili mizani isiinamie upande mmoja, si ili tujitakase. Kosa la mwengine halihalalishi letu.

NNE: HILA NA KHIYANA

Sasa tumpime Decatur, kwa mizani hiyohiyo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa vita ni hila, na Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Lakini Imam Nawawi, katika kuisherehesha Sahihi Muslim, amesema wanazuoni wameafikiana kuwa hila inajuzu isipokuwa ikiwa ndani yake mna kuvunja ahadi au amani.

Imam Muhammad bin Hasan ash-Shaybani, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, ameliingia suala hili kwa undani katika As-Siyar al-Kabir, na As-Sarakhsi akalisherehesha. Kundi la Waislamu likiingia nchi ya adui kwa kujidai kuwa ni wajumbe au wafanyabiashara, na adui akawapokea kwa hilo, haliwi halali kwao kumdhuru yeyote wala kuchukua mali mpaka watoke, kwani kupokewa kwao ni amani. Ama wakivaa mavazi ya adui na kujifanya ni watu wake, hiyo ni hila ya vita, kwa sababu mtu haombi amani kwa watu wake mwenyewe.

Angalia tofauti hii ndogo. Watu wa Intrepid hawakujifanya kuwa askari wa Tarabulus. Walijifanya wafanyabiashara wa nchi iliyo katika amani, tena wenye shida, wakaomba hifadhi ya usiku mmoja, wakakubaliwa, na kamba ikafungwa. Lau jambo hili lingefanywa na Waislamu, Imam Shaybani angewaambia: mmeingia kwa amani, haikuwa halali kwenu kuua. Walinzi wale 20 walikufa kwa kuwahurumia mabaharia waliodai kupoteza nanga. Kitendo hicho Bunge la Marekani lilikizawadia upanga kwa Decatur na mishahara ya miezi miwili kwa watu wake. Basi ni sharia gani kati ya hizi mbili inayostahiki kuitwa ya kiharamia?

TANO: NANI MMILIKI?

Chombo kinapotekwa, kisha kikarudi mikononi mwa wenyewe, ni cha nani? Ibn Umar (R.A.) alikimbiwa na farasi wake, adui akamchukua, Waislamu walipompata wakamrudishia, kisa hicho kimo katika Bukhari. Na katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Imran bin Husayn (R.A.), mwanamke wa Kiansari aliyetekwa alitoroka juu ya Al-Adhbaa, ngamia wa Mtume (S.A.W.) ambaye adui alikuwa amemteka, akaweka nadhiri ya kumchinja akiokoka. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa hakuna nadhiri katika kitu asichokimiliki mja.

Kutokana na kisa hiki Imam Shafi'i amesema: adui hamiliki mali ya Muislamu kwa kuiteka, na mwenyewe anairudia wakati wowote. Wahanafi na Wamaliki wakasema: akiikuta kabla ya ngawira kugawiwa anaichukua bure, na baada ya kugawiwa anaichukua kwa thamani yake. Ama mali ya adui aliyeko vitani, Waislamu wakishaiteka na kuidhibiti katika nchi yao, basi wameimiliki. Philadelphia ilipotiwa nanga mbele ya ngome ya Tarabulus, hilo lilikuwa limetimia.

La kuzingatia ni kwamba Wamarekani wenyewe waliingia katika mas'ala haya haya. Decatur alikufa mwaka 1820, na mjane wake Susan akalisumbua Bunge kwa miaka mingi akidai malipo ya ngawira kwa ajili ya Philadelphia. Madai yake hayasimami ila kwa kukubali kuwa merikebu ile ilikuwa imeshakuwa mali ya Tarabulus, kwani mtu halipwi ngawira kwa kuchoma mali ya nchi yake. Mas'ala ambayo wanafunzi wetu huyasoma wakadhani ni ya kale yasiyo na kazi, yalijadiliwa Washington katika karne ya 19.

MWISHO WA HABARI

Vita vilikwisha kwa mkataba wa Juni 1805. Yusuf Pasha aliwaachilia Wamarekani wapatao 300, akapokea watu wake wapatao 100 na dola 60,000 kwa tofauti ya idadi. Mkataba huo uliweka sharti kwamba vikitokea vita tena, mateka wa upande wowote wasifanywe watumwa bali wabadilishwe. Kwa maneno mengine, miaka minne ya vita, mji kupigwa mizinga na mateka kuteswa ndivyo vilivyomfikisha Yusuf Pasha karibu na pale ambapo aya ya 4 ya Sura Muhammad ilianzia. Dola 60,000 hazikufika theluthi ya zile 225,000 alizozianzia vita. Mwaka 1832 alilazimika kuacha utawala, nchi ikiwa na madeni na fitina za ndani, na mwaka 1835 Dola ya Uthmaniya ikaichukua Tarabulus moja kwa moja.

Ndugu zetu maimamu na wanafunzi wa elimu, mafunzo ni mengi, nasi tunataja matatu. La kwanza, neema iliyokuja bila jasho inahitaji ulinzi zaidi. Aya ya 102 ya Sura An-Nisaa inatutahadharisha kuwa adui anatamani tughafilike na silaha zetu, hata tukiwa ndani ya Swala. Watu wa Tarabulus walipata manowari, mizinga yake wakaijaza, wakasahau kumchunguza anayefunga kamba ubavuni mwake. La pili, mtawala anapoitumia dini kutetea tamaa yake, wanaolipa ni wengine: walinzi wa usiku, mabaharia wa watu, na vizazi vya Waislamu vinavyoulizwa maswali baada ya miaka mia mbili. La tatu, kijana akija na swali hili, tusimjibu kwa kukana yaliyotokea wala kwa kuyapamba. Tumfungulie Kitabu, Sunna na fiqhi ya siyar, aone kwamba sharia yake ilikuwa imeshamhukumu Yusuf Pasha kabla hajazaliwa, na imeshamhukumu Decatur pia.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa wenye kutimiza ahadi, atulinde na dhulma ya nafsi zetu kabla ya dhulma ya maadui zetu, na awasamehe waliotutangulia katika imani.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.